Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mamlaka ya Taifa ya Dawa: muuzaji aulize kwanza kuhusu mkojo

Kampala

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Tunakuandikia sisi tunaotibu watu pamoja na wenzetu wanaotibu wanyama, kwa kuwa mamlaka yako inasimamia dawa za pande zote mbili. Diklofenaki na ibuprofeni, dawa za kutuliza maumivu na homa, zinatolewa kwenye maduka ya dawa bila muuzaji kuuliza kama mgonjwa anaharisha, anatapika au amepata mkojo leo. Tunaomba swali hilo liwe sharti la leseni.

Figo hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo. Mwili ukipungukiwa maji kwa kuhara au malaria kali, figo hujihami kwa kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazoupanua mshipa mdogo unaopeleka damu kwenye vichujio. Diklofenaki huzizima. Mshipa hubana, uchujaji hushuka, na kreatinini, taka ya damu inayotolewa na figo, hupanda ndani ya siku moja au mbili. Mwenye kumeza enalapril au losartan ya presha pamoja na dawa ya kukojoza yumo hatarini zaidi, na akidungwa jentamisini, dawa ya kuua bakteria, juu ya hayo, dawa hiyo hujikusanya ndani ya seli za figo na kuziua. Yote haya hutokea bila maumivu ya figo. Mgonjwa huona nafuu ya homa, anashukuru, anarudi nyumbani.

Kipimo cha kwanza hakihitaji maabara. Mtu mzima wa kilo 60 akitoa chini ya mililita 180 za mkojo kwa saa sita, figo zake zimo matatani. Chombo chenye alama kinatosha. Mtoto mwenye malaria akikojoa mkojo mweusi kama kola, jambo linaloonekana sana mashariki mwa nchi, chembe nyekundu za damu zinapasuka na himoglobini, rangi nyekundu iliyomo ndani yake, inaziumiza figo. Huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Anayeharisha aanze na ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, pakiti ya lita moja kwa lita moja kamili ya maji safi, na homa itulizwe kwa parasetamoli ya kipimo sahihi. Ila ambaye mkojo umeshakatika asijazwe maji nyumbani, kwani yataishia kwenye mapafu.

Parasetamoli hiyo hiyo ni sumu kwa paka, hata kidonge kimoja. Mbwa wa kilo 5 akipewa ibuprofeni ya miligramu 200 amepata miligramu 40 kwa kila kilo, kiasi cha kumtia vidonda vya tumbo. Dozi ikizidishwa, figo hufuata. Wenye wanyama hawa hununua dawa kwenye kaunta ile ile, na maboksi hayawaonyi.

India ilipiga marufuku diklofenaki ya mifugo mwaka 2006, baada ya tumbusi waliokula mizoga yenye dawa hiyo kufa kwa figo. Tunaomba isipewe kibali cha mifugo hapa kwetu, na kila boksi la binadamu libebe onyo kwa Kiswahili na Luganda: asipewe anayeharisha, anayetapika, asiyekojoa, wala mnyama.