Dada, wapeleke watoto makaburini

Dada yangu, shikamoo.

Umeniambia mkija Bagamoyo mtaishia ufukweni, kwa kuwa makaburini si mahali pa kutembeza watoto. Najua ndivyo tulivyolelewa. Hata hivyo nakuomba uwapeleke, tena muanzie misheni ya Wakatoliki, asubuhi kabla jua halijawa kali.

Mtaingia kwa njia ya miembe mikongwe, kivuli kitupu. Makaburini waache watoto wasome misalaba na kupiga hesabu ya umri wenyewe. Hao ni mapadri na mabruda wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofungua misheni hii 1868, na wengi malaria iliwachukua wakiwa vijana. Pembeni lipo pango la Bikira Maria, lililojengwa na watumwa waliokombolewa. Hapo usiwaharakishe. Padri alipanda meli kwa hiari yake. Yule aliyebeba mawe ya pango aliletwa pwani kwa mnyororo, pengine akiwa na umri wa hawa wanao, na kwao hakurudi tena. Mimi nikifika pale huwa nasimama upande wake kwanza.

Mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, nao ulilazwa hapo misheni, kwenye mnara wa kanisa la kale, Februari 1874, kabla ya kuvushwa Unguja. Jina lake watalisikia kwa kila mtu. La Chuma na Susi watajie wewe, maana wao na wenzao ndio waliombeba kwa miguu kutoka Chitambo, Zambia ya leo, alikofia Mei 1873.

Makaburi ya Wajerumani kule pwani, ya wakati wa vita vya Abushiri aliyewapinga Wajerumani, mkipenda mpite tu.

Alasiri chukueni bajaji hadi Kaole, kama kilometa tano kusini. Kuna mibuyu, magofu ya misikiti, na makaburi ya nguzo yaliyojengwa kwa matumbawe. Waonyeshe vishimo vya duara kwenye nguzo: humo yalipachikwa mabakuli ya Kichina. Wafundishe kuwasalimia waliolala humo kama babu alivyotufundisha, na wasikanyage kaburi. Mkikuta watu wanaomba dua kwenye kaburi la Sharifa, bibi wa kale anayeheshimiwa kwa ucha Mungu wake, subirini kando, simu mfukoni. Pale bado pana wenyewe.

Usisahau mtandio na maji ya kunywa. Ukishapanga siku niambie mapema, nije kuwapokea stendi.

Mdogo wako, Bagamoyo