Toleo la Python si desimali

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwazindue walimu wenzangu wa kompyuta, wa Unguja na Pemba, juu ya kosa dogo nililolifanya mimi mwenyewe na likawapotezea wanafunzi wangu siku nzima.

Tunayo maktaba, yaani mkusanyiko wa msimbo, ya lugha ya programu ya C++ inayokokotoa saa za maji kujaa na kupwa, nasi tumeitengenezea kiunganishi ili iitwe kutoka lugha nyingine ya programu, Python. Kiunganishi cha aina hii mara nyingi hujengwa kwa toleo moja tu la Python, kwa hiyo CMake, programu inayosimamia ujenzi, hulazimika kwanza kutambua toleo lililomo katika kompyuta. Niliandika sharti kwamba sehemu mbili za mwanzo za toleo zikiwa chini ya 3.9, kazi isiendelee. Kijana mmoja akaja na kompyuta yenye mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04, ambao Python yake ni 3.10, akakataliwa. "Maalim," akaniuliza, "kompyuta mpya hii, mbona inaambiwa imezeeka?"

Kumbe nilitumia LESS, neno la CMake la kuuliza "ni ndogo kuliko?", ambalo husoma namba kama desimali, na kwa desimali 3.10 ni 3.1, yaani ndogo kuliko 3.9. VERSION_LESS ndiyo inayolinganisha sehemu kwa sehemu. Mtoto wa chuoni anajua kuwa katika sura ya tatu aya ya 10 huja baada ya aya ya 9. Mimi, na miaka yangu yote mbele ya kioo cha kompyuta, lilinipita.

Lipo na jengine. Penye Python mbili, miongozo ya zamani huitafuta programu yenyewe mbali na faili zake za kujengea mbali, ikaweza kuokota hii ya 3.8 na zile za 3.10, ujenzi humalizika salama, kisha kiunganishi kikagoma kupakiwa. Tangu CMake 3.12 ya mwaka 2018 ipo moduli ya FindPython3, ambayo huvipata vyote viwili vya toleo moja, ilimradi Interpreter (programu yenyewe) na Development (faili za kujengea) vitajwe katika amri moja. Hata hivyo bado tunanakiliana mistari ya kale, nami nimo.

Walionakili faili langu la CMakeLists.txt, lenye maagizo ya CMake, tafadhali waweke VERSION_LESS palipo na LESS, kisha wafute folda ya ujenzi kabla ya kuanza upya, kwani CMake huyahifadhi humo majibu ya mwanzo.

Mwalimu wa kompyuta,
Wete, Pemba