Zai asiishie kuchapa

Mama Zai shosti yangu,

Salamu nyingi, huku Mwanza tuko wazima wote. Meseji yako ya juzi nimeisoma mara mbili, nimefurahi Zai kamaliza form four salama na unataka akisubiri matokeo akasome kompyuta. Ila shoga nikuulize, kompyuta ipi? Maana hizi kozi za mtaani nyingi mtoto wa kike anafundishwa kuchapa barua, kuprinti, Excel kidogo, anapewa cheti basi anaenda kukaa steshenari. Sio kazi mbaya, mi mwenyewe steshenari imenilisha miaka minne, lakini mtoto aliyeifungua redio ya babu yake akaifunga tena ikaongea, kwanini aishie kutumia vitu walivyotengeneza wenzie? Afundishwe kuandika programu.

We si kila siku unapiga *150*00# inakuja menyu, unachagua kutuma pesa, ukikosea namba ya siri inakugomea? Kuna mtu alikaa akaandika hayo yote mstari kwa mstari, akibonyeza hapa fanya hivi, salio likiwa dogo mwambie halitoshi. Ndo programu hiyo. Ni kupanga maagizo bila kuruka hatua, na wewe unayeshika daftari la kikoba, hisa, mikopo, riba, faini za wachelewaji, hiyo akili unayo na Zai kairithi kwako. Tena akishajua jua amwandikie mama yake programu ya kikoba, tuone kama mtu atabishana tena hesabu ya mwisho wa mwaka.

Shemeji kusema hiyo kazi ya kiume, mwambie hivi. Mwaka 1946 kule Philadelphia Marekani walipoitambulisha kompyuta moja kubwa inaitwa ENIAC, waliokua wameipanga ifanye hesabu ni wanawake sita. Hawakupewa hata kitabu cha maelekezo, walisoma michoro ya mashine wakajua wenyewe waya gani uchomekwe wapi na swichi ipi igeuzwe. Waliachiwa kwasababu ilionekana kazi ndogo, kama ya ukarani, na usiku wa kusherehekea hawakualikwa kwenye chakula. Baadae ilipoonekana ina hela na heshima ndo ikawa ya wanaume! Inaniuma hii. Na asiende mbali, 2017 wasichana watano wa sekondari hapo Kisumu, ng'ambo tu ya ziwa letu, walitengeneza programu ya simu ya kumsaidia msichana anayelazimishwa kukeketwa aombe msaada, wakafika nayo mpaka California kwenye mashindano.

Sasa kuna jambo moja naomba unisikilize. Sie shuleni kompyuta zilikua saba darasa zima, wavulana wanawahi viti sie tunasimama nyuma yao tunaangalia, miaka miwili nimetoka sijagusa kibodi na cheti kinasema nimesoma. Kwahiyo popote utakapompeleka nenda mwenyewe kwanza uchungulie mlangoni, usiangalie rangi ya jengo wala ada, angalia mikono ya nani iko kwenye kibodi.

Kabla hujapata sehemu, ile laptopu yangu ya zamani namtumia. Nimeweka Scratch, ya kuanza kujifunzia kuandika programu, inafanya kazi bila bando, anaburuta vipande anaviunganisha mpaka katuni inatembea, akiizoea aingie Python, lugha ya kuandika programu kwa maneno, nayo imo. Ila masaa mawili kila siku asitumwe dukani wala asiitwe jikoni, kaka yake nae ana mikono ya kuosha vyombo. Programu ikigoma asimwachie mtu aje amrekebishie, atafute kosa mwenyewe hata kama ni siku tatu, maana mi nilijifunzia hapohapo, kuna alama moja ya nukta pacha ilinisumbua wiki nzima na siku nilipoiona nilipiga kelele jirani akaja mbio.

Niambie basi gani linashusha mizigo karibu na kwenu, iondoke Ijumaa. Waya wa chaji umelegea kwenye shingo, mwambie aushike taratibu.

Shogaako,
Mama Juni