Ukitaka treni ya masinya ya mvuke kule India, usipandie Coonoor

Wateja wetu wengi hapa Lubumbashi huenda India kwa matibabu, hasa Chennai. Munganga akimaliza kazi yake huwaambia wangoje siku kadhaa ili awaangalie tena. Hapo ndipo simu zinaanza kulia ofisini: "Mama, ile treni ya milimani tunaipandaje?"

Ni reli ya Nilgiri, kilomita 46 kutoka Mettupalayam, chini ya mlima, kupitia Coonoor hadi mji wa Ooty huko juu. Ilifika Coonoor mwaka 1899 na Ooty 1908, na tangu 2005 imo katika urithi wa dunia wa UNESCO. Mji wetu ulifikiwa na reli mwaka 1910 na wengi tumelelewa na mishahara ya reli, kwa hiyo hamu hiyo tunaielewa.

Lakini familia moja tuliyoipangia hoteli ilijinunulia tiketi za kuanzia Coonoor kwenda juu. Wakapanda dizeli. Mzee wao alitamani kusikia tena ile sauti ya utotoni mwake, akarudi bila kuisikia. Iliniuma sana.

Mvuke uko chini, kati ya Mettupalayam na Coonoor. Huko mlima ni mkali: kila mita 12 za mwendo, treni hupanda karibu mita 1. Magurudumu matupu yangeteleza, ndiyo maana katikati ya reli kuna chuma chenye meno, na gurudumu la meno chini ya masinya huyakamata moja baada ya jingine. Masinya yenyewe hukaa nyuma ikisukuma mabehewa, na njiani husimama kunywa maji. Anayependa kutazama msitu aombe behewa la mbele kabisa.

Treni hiyo hupanda mara moja tu kwa siku, saa 1:10 asubuhi, na viti ni vichache. Tuambieni kabla hamjaondoka uwanja wa ndege wa Luano, tuwakatie pamoja na treni ya usiku ya kutoka Chennai. Kuanzia Oktoba hadi Desemba tunawashauri msiitegemee: mvua huporomosha udongo juu ya reli, safari zikafutwa.

Kuhusu mgonjwa, muulizeni munganga kwanza. Ni karibu masaa 5 ya kukaa, na Ooty iko karibu mita 2,200 juu ya bahari. Bebeni sweta zenu za mwezi wa sita. Asiyeweza tunampangia gari la barabarani hadi stesheni ya Coonoor, awapokee wenzake pale, aione masinya ikiingia na mvuke wake.