Anayenyamaza ndiye wa kuangaliwa kwanza

Mhariri,

Ndugu wa wagonjwa hulalamika kwamba muuguzi amempita anayepiga kelele akaenda kwa aliyetulia. Mara nyingi muuguzi yuko sahihi. Anayelia kwa sauti, angalau njia yake ya hewa iko wazi. Aliye kimya huku akihema mara 30 kwa dakika, kijasho chembamba kikimtoka na ghafla hajui yuko wapi, huyo hasubiri, hata kama presha yake bado iko sawa. Mtu mzima aliyepumzika huhema mara 12 hadi 20. Kinachonikera ni chati zilizoandikwa 18 kwa kila mgonjwa, kila zamu: hapo hakuna aliyehesabu pumzi. Wasimamizi wa wodi wazikague. Na daktari akiambiwa "hali ya huyu siielewi," aje amwone.

Muuguzi mstaafu