Mwalimu wa yoga, uliza kwanza ndipo umshike mtu

Mhariri,

Kila inapofika Juni 21, magazeti na simu zetu hujaa picha za watu waliotandika mikeka kwenye nyasi, mikono juu, wakiadhimisha Siku ya Kimataifa ya Yoga iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2014. Sina ugomvi na picha hizo. Ninachokililia ni madarasa ya kawaida ya jioni, yale ya ghorofani juu ya gym au kwenye baraza la hoteli, ambako mwalimu mmoja ana ukumbi mzima wa watu na hajui nani kati yao ana tatizo gani.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Dar es Salaam. Wanaonijia kwa sababu ya yoga si wengi, ila visa vyao hufanana. Mama mmoja mstaafu aliingia kwangu amejishika kiuno, hata kuinama avue viatu hawezi. Darasani alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, anajaribu kugusa vidole. Mwalimu akaja nyuma, akamlalia mgongoni ili ashuke zaidi. "Vumilia kidogo mama, utafunguka." Mama akavumilia, maana kwa malezi yake mwalimu habishiwi. Eksirei ikaonyesha pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea. Mifupa ya wanawake wengi hupungua uimara baada ya kukoma hedhi, na mgongo wa namna hiyo ukiukunja mbele kwa nguvu unautafutia ufa. Swali moja tu kabla ya kipindi lingetosha kumwepusha.

Na maswali yenyewe si mengi: presha, kisukari, ujauzito, macho, mifupa, upasuaji wa karibuni. Karatasi moja ya Kiswahili, mtu anaijaza mlangoni. Watafiti wa India walichapisha mwaka 2006 vipimo vya watu 75 waliozoea yoga. Waliposimama kwa kichwa, presha ndani ya jicho ilipanda mara mbili. Sasa fikiria mwenye presha ya macho, ugonjwa ambao hauumi na wengi hawajui wanao mpaka umeshawala sehemu ya uwezo wa kuona. Ndiyo maana nasema kusimama kwa kichwa hakuna nafasi katika darasa la wageni, hata kama ndiyo picha inayoleta wateja Instagram. Mjamzito aliyevuka nusu ya mimba naye asiachwe chali muda mrefu, kwa kuwa mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Alale ubavu, mto katikati ya magoti. Mwenye kisukari aliyeanza kupata ganzi miguuni apewe nafasi ya ukutani, maana hausikii vizuri mguu wake unapoteleza.

Halafu madarasa mengi huendeshwa kwa Kiingereza. Asiyefuata hugeuza shingo kumtazama jirani. Akifanya hivyo miguu ikiwa juu na uzito wote uko mabegani, shingo ndiyo inayolipa.

Kuhusu kushika watu, wengine watanijibu kwamba ndivyo yoga inavyofundishwa tangu zamani. Sawa, lakini hata huko Mysore, India, mjukuu wa marehemu K. Pattabhi Jois, mwalimu aliyeueneza duniani mtindo wa yoga uitwao Ashtanga, aliandika hadharani mwaka 2019 akiwaomba radhi wanafunzi kwa namna babu yake alivyokuwa akiwashika. Kama nyumba yenyewe imesema, sisi tunang'ang'ania nini? Mwalimu aulize, tena aulize kila kipindi, kwa sababu aliyekubali Jumatatu anaweza kuja Alhamisi bega linamuuma. Na asiyetaka kuguswa asitakiwe kutoa sababu.

Jambo linaloniudhi zaidi ni ile aibu ya kiti. Nimeona wazee wakikataa kukalia kiti wasije wakaonekana wameshindwa, na walimu wanawaacha wateseke chini. B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga wa India aliyefariki mwaka 2014 akiwa na miaka 95, ndiye aliyefanya viti, mikanda na matofali ya kuegemea yawe sehemu ya mafunzo, na yeye mwenyewe utotoni alikuwa mgonjwamgonjwa. Sisi wala hatuhitaji kuagiza vifaa nje. Khanga iliyokunjwa kwa urefu ni mkanda mzuri kabisa. Kiti cha plastiki kinafaa, mradi kiegemezwe ukutani, maana juu ya marumaru kinateleza.

Wapo pia wanaokaa mbali kwa sababu ya imani, na si wa kuchekwa. Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga kwa hofu ya ibada ya Kihindu kuchanganyika na dini yao. Mwaka 2017 Saudi Arabia ikaitambua kama mchezo. Kila mtu ataamua na nafsi yake, au na shehe wake au mchungaji wake. Ila hawezi kuamua asichoambiwa. Tangazo la darasa liseme wazi kama kutaimbwa "Om", sauti takatifu ya Kihindu, kama kuna kipindi cha wanawake peke yao, na kama mwenye hijabu na suruali pana anakaribishwa bila kukodolewa macho.

Cheti cha mafunzo ya ualimu wa yoga ya saa 200, ambacho ndicho walimu wengi wanacho, si kibaya, lakini hakimfanyi mtu kuwa daktari. Akiona karatasi imeandikwa "nilifanyiwa upasuaji mwezi uliopita", amrudishe huyo mtu kwa daktari wake kwanza, na hela yake airudishe.

Na kama ukumbi uko ghorofa ya tatu na hakuna lifti, hilo nalo liandikwe kwenye tangazo, ili mtu wa magongo asilipe bajaji kutoka Mbagala akaishia chini ya ngazi.

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Dar es Salaam