Wapagazi wa 1916 nao waandikwe Mkunazini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu, maana nimelizungumza barazani mpaka wenzangu wamenichoka, siku hizi nikianza tu mmoja anakumbuka ana safari ya sokoni. Ni habari ya makaburi na majina, nani kaandikwa na nani kaachwa hapa kwetu Unguja, hasa wapagazi waliobeba mizigo ya Vita Vikuu vya Kwanza.

Kanisa la Mkunazini sote tunalijua, hata sie Waislamu tunapita hapo kila siku. Lilijengwa pale palipokuwa soko la watumwa baada ya soko kufungwa 1873, na msingi ukawekwa Krismasi ya mwaka huohuo. Hayo kila mtembeza wageni anayo mdomoni, pamoja na zile nguzo walizozisimamisha kichwa chini miguu juu. Uani kuna lile shimo lenye sanamu tano na mnyororo shingoni, kazi ya dada wa Kiswidi Clara Sörnäs mwaka 1998, wageni wanafika pale wananyamaza wote hata wale waliokuwa wakipiga selfi. Na ndani kuna dirisha la vioo vya rangi la kuwakumbuka mabaharia wa Kiingereza waliokufa kwenye doria za kuzuia majahazi ya watumwa.

Sasa chukua boti ukafike Chapwani, kile kisiwa cha makaburi hapo mbele ya mji. Chini ya mivinje kuna makaburi ya mabaharia haohao. Yupo Kapteni Brownrigg wa manuari ya Kiingereza iliyoitwa London, aliuawa 1881 upande wa Pemba alipolisogelea jahazi lililokuwa na watumwa. Wapo na wa Pegasus. Hii Pegasus ilikuwa manuari ya Kiingereza, imetia nanga hapa bandarini ikitengenezwa mitambo, alfajiri ya Jumapili tarehe 20 Septemba 1914 ikatokea manuari ya Kijerumani, Königsberg, imetoka mafichoni Rufiji, ikaipiga mizinga kutoka mbali ambako mizinga ya Pegasus haifiki, na mchana wake Pegasus ikazama hapahapa watu wa mji wanaangalia. Walikufa mabaharia zaidi ya 30. Mwenye kutaka kujua nani kalala Chapwani anakuta maandishi, jina na meli yake.

Sina ubaya na mabaharia wale, maiti ni maiti na kuandikwa ni haki yao. Ninachouliza ni wale wetu.

Maana vita vile havikuishia bandarini. Vilihamia bara na kule hakuna reli ya kutosha, magari yanakwama, ng'ombe na punda wanakufa kwa mbung'o, basi kila kitu kikapakiwa kichwani kwa mtu: risasi, unga, mahema, hata vipande vya mizinga. Mzigo wa ratili 50 au 60, kutwa, njia ya matope. Waingereza peke yao walichukua wapagazi karibu milioni moja Afrika Mashariki yote, na waliokufa ni zaidi ya 90,000, wengi bila kuguswa na risasi, ni kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Zanzibar nayo ilitoa watu wake. Askofu Frank Weston, askofu wa hapa tangu 1908, mwaka 1916 alikusanya kikosi cha wapagazi akavuka nacho bara, akitembea nao kwa miguu, akapewa cheo cha meja na baadae nishani. Askofu mwenyewe ameandikwa vitabu. Waliobeba je?

Na hebu tupige hesabu hii ndogo. Utumwa hapa kwetu ulifutwa kwa amri ya Sultan Hamoud, 1897. Kutoka hapo mpaka 1916 ni miaka 19. Kijana wa miaka 25 aliyetwikwa mzigo 1916 alizaliwa utumwa bado upo kisheria, na wazee wake pengine ndo waliouzwa palepale Mkunazini. Yaani kizazi kimoja tu, mtoto wa mtumwa anarudishiwa mzigo kichwani, safari hii kwa vita vya Mngereza na Mjerumani ambavyo wala hajui vimeanzia wapi. Kwa mimi hii ndo sababu kubwa ya kutaka majina yao yawe uani pale karibu na zile sanamu tano, kwa sababu ni hadithi ileile inaendelea.

Kwetu yupo mmoja. Baba wa bibi yangu mzaa mama, huyu hakwenda na askofu, alikwenda na serikali, bibi akiwa bado yumo tumboni. Hakurudi. Barua haikuja, mtu wa kuleta habari hakuja, vita vikesha na wengine wakarudi wamekonda, wakisema tu kwamba walimuona mgonjwa kambini huko. Bibi alikuwa akitusimulia kwamba mamake alitaka kukaa eda na hakujua aanze kuhesabu siku gani, maana miezi minne na siku kumi inahesabiwa kutoka siku ya kufa mume na siku hiyo hakuna aliyeijua, ikabidi waende kwa sheikh awaamulie. Nikifikiria hilo ndo naona nini maana ya kutoandikwa. Jina lake tunalo mpaka leo, la baba yake na la babu yake, lakini liko midomoni mwetu tu, na sie tuliolisikia kwa bibi tumebaki wachache na wajukuu wetu wako kwenye simu.

Dar es Salaam kuna ile Sanamu ya Askari, ya 1927, na kwenye maandishi yake kuna maneno kwamba ukipigania nchi yako hata ukifa watoto wako watalikumbuka jina lako. Zunguka sanamu pande zote nne uniambie umeona jina la mtu gani.

Mwaka 2021 ile Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ndo wenye dhamana ya makaburi haya, walitoa ripoti wakakiri wenyewe kwamba watu si chini ya 116,000, na pengine wafikie 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wakaomba radhi. Radhi tumeisikia. Januari 2025 Cape Town wakazindua kumbukumbu ya vibarua weusi wa Afrika Kusini waliokufa kwenye vita hivyohivyo, zaidi ya watu 1,700, kila mmoja na nguzo yake ya mvule na jina lake juu yake. Mvule! Mti ambao sie tunao na tunachongea milango. Kwa hivo kusema haiwezekani tena nani atakubali?

Najua kuna watakaosema mbona unataka majina ya Waislamu yawekwe kanisani. Nimeshaambiwa hivyo barazani na mzee mmoja ninaemheshimu sana. Jibu langu ni kwamba ua ule haujawahi kuwa wa dini moja, waliouzwa pale walikuwa wa kila namna na hakuna anaeziuliza zile sanamu tano zinasali wapi. Wapagazi nao walikuwa mchanganyiko, Mkristo wa Mbweni na Muislamu wa Ng'ambo wamelala kambi moja na kufa kwa tumbo lilelile. Kama wenye kanisa watakubali, ubao ukae nje uani, apite anaetaka. Kama watu bado hawaridhiki basi uwekwe Mnazi Mmoja, ni hatua chache tu, mie sitogombana, lakini uwekwe.

Kazi kwanza ni kukusanya. Nyaraka za Taifa pale Kilimani wafungue daftari la majina haya, kanisa litazame vitabu vyake vya ubatizo na vya ndoa vya miaka ile, na masheha, wa Unguja na wa Pemba pia kwa sababu Pemba husahaulika kila jambo, wapite kwa wazee waulize. Halafu ndo waandikiwe hao wa Tume, kwa barua yenye majina ndani yake, siyo barua ya malalamiko matupu kama hii yangu.

Na wewe unaesoma ambae kwenu pana mzee alikwenda na hakurudi, andika leo jina lake, la baba yake, mtaa au kijiji alichotoka na nani kakusimulia. Mimi la kwetu nimeshaliandika, linasubiri daftari.

Wako msomaji,
Kikwajuni, Unguja